Maswali ya Wasomaji: Programu Imegoma Kufunguka na Mashine Yenyewe ni ya Siku Nyingi

Safari hii barua zenu zimefanana kweli, mtu ana kompyuta yake ya miaka kumi na kitu, inawaka vizuri, inaandika, inapiga muziki, lakini kuna programu moja anayoihitaji haifunguki na kila anayemuuliza anamwambia tupa hiyo nunua nyingine. Mi siko huko. Naomba kwanza tusome mashine inasema nini, manake mara nyingi huwa imeshasema sababu, ila imeandika mahali ambapo hujawahi kuangalia. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeikalia sana kwa sababu ndani yake kuna mengi ambayo wengine mnauliza.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nina laptopu ya mwaka 2012, prosesa ni Pentium, Windows 10 ya biti 64, RAM ni 4. Nahariri video za watu, ndo kazi inayonilisha. Juzi nimeweka vesheni mpya ya programu ninayotumia, nikibonyeza mara mbili kaduara kanazunguka sekunde mbili tatu alafu kimya, hamna dirisha, hamna ujumbe, hamna chochote. Nimeitoa na kuirudisha mara nne, nimezima antivairasi, nimeifungua kama administreta, wapi. Rafiki yangu anasema diski imekufa nipige fomati. Nina kazi za wateja humo ndani naogopa. Nisaidie kaka.

JIBU: Mdogo wangu, asante sana kwa kuogopa, hapo umeokoa kazi za watu. Kuna dada aliniletea mashine yake miaka ya nyuma na tatizo kama lako hili hili, programu inawaka na kuzima, na mi bila kuangalia chochote nikaamua ni Windows imeharibika, nikakopi mafaili yake pembeni nikapiga fomati. Saa tano za kazi. Nikaweka kila kitu upya, nikafungua ile programu, ikazima vile vile. Na kibaya zaidi kulikuwa na folda ya picha za marehemu mama yake aliyoiweka nje ya zile folda za kawaida, sikuiona, ikaenda na fomati. Hazikurudi. Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu kabla sijajua ni nini hasa kinaua programu, na nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Sasa fanya hivi. Kwanza ukishabonyeza programu na ikanyamaza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, tafuta jina la programu yako kwenye orodha. Kama jina lipo na linakaa hapo hapo, basi programu haijafa, imekwama, au imefunguka lakini dirisha lake liko nje ya skrini (hii huwapata sana waliowahi kuunganisha skrini ya pili alafu wakaitoa, dirisha linaendelea kukaa kule kule ambako skrini haipo tena). Bonyeza ikoni yake kule chini, alafu Alt na Space, alafu M, alafu kitufe kimoja cha mshale, ukisogeza mausi dirisha linakuja nalo. Ila kama jina linatokea sekunde mbili na kupotea, programu imekufa kweli, na ikifa hivyo Windows kwa kawaida inaandika cheti cha kifo.

Cheti hicho kinakaa hapa: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc, gonga Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs alafu Application. Utaona mistari mingi, usitishike, we tafuta yenye alama nyekundu iliyoandikwa Application Error na namba 1000, yenye saa ile ile uliyobonyeza programu. Ifungue. Ndani yake kuna mistari mitatu tu ninayoitaka. Faulting application name ni programu iliyokufa, hakikisha ni ya kwako. Faulting module name ni faili iliyokuwa inafanya kazi wakati wa kufa, na Exception code ni sababu ya kifo kwa namba.

Barua yako ilipofika nilikuomba unitumie hiyo mistari mitatu kabla sijajibu, ukanitumia, na mstari wa tatu unasema 0xc000001d. Hiyo namba inajitosheleza. Maana yake prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, imepewa amri isiyoijua. Yani waliotengeneza programu wameijenga kwa amri mpya za prosesa, ikifika kwenye mashine yako prosesa inasoma ile amri inakuta haimo katika zile ilizozaliwa nazo, inasimama pale pale. Ndo maana hukuona ujumbe wowote, programu haikupata hata nafasi ya kuchora dirisha la kukuambia pole.

Amri zinazosumbua sana zinaitwa AVX. Kwa Intel zilianza mwaka 2011, AVX2 zikaja 2013. Utasema mbona yangu ya 2012 basi. Ndiyo, lakini umeniambia ni Pentium, na Intel kwa miaka mingi prosesa zao za Pentium na Celeron waliziuza bila AVX hata pale ndugu zake wa Core i3 na i5 wa mwaka huo huo walipokuwa nayo. Kwa hiyo mwaka wa mashine peke yake haukwambii kitu. Kuna kaprogramu ka bure kanaitwa CPU-Z, kafungue, soma mstari wa Instructions, kama huoni neno AVX hapo, hiyo ndo habari yenyewe.

Na hapa nikuambie ukweli bila kuzunguka: hakuna fomati, draiva (kaprogramu kanakoiongoza sehemu ya kompyuta kama kadi ya picha), RAM wala Windows mpya itakayoongeza AVX kwenye prosesa ambayo haina. Hata ukihamia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, prosesa ni ile ile. Mara nne ulizoitoa na kuirudisha ulikuwa unairudisha programu ile ile kwenye prosesa ile ile. Diski yako haijafa, ingekuwa ni diski ungeona dalili nyingine, mafaili kugoma kufunguka, kukopi kukwamia njiani, mashine kuganda ganda bila sababu.

Dawa yako ni kurudi vesheni ya nyuma, ile uliyokuwa nayo kabla ya hii. Nenda kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, tafuta sehemu ya matoleo ya zamani, soma mahitaji ya kila toleo kuanzia jipya ukirudi nyuma mpaka ufike ambalo halitaji AVX. Usiichukue kwa watu baki wanaokusanya programu za zamani, wengi wanaziwekea vitu ndani. Ukishaiweka zima apdeti ya kujiendesha ndani ya programu, la sivyo wiki ijayo utarudi hapa hapa. Jambo lingine, mradi wowote uliouhifadhi kwa vesheni mpya kwenye mashine ya mtu mwingine unaweza usifunguke kwa hii ya zamani, kwa hiyo mkifanya kazi wawili kubalianeni vesheni kabla hamjaanza kazi ya mteja.

Kwa mwingine anayesoma hapa na namba yake si hiyo: ukikuta 0xc0000005 programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, sababu ni nyingi, hapo nguvu yote iweke kwenye jina la faili la mstari wa pili. Likianza na ig, nvoglv au atio basi ni draiva ya kadi ya picha, ya Intel, NVIDIA au AMD kwa mpangilio huo, anza na kuapdeti draiva. Ukikuta 0xc0000135 kuna faili inayohitajika na haipo. Na kama hakuna kilichoandikwa kabisa, rudi kwa antivairasi uangalie karantini yake (mahali inapofungia mafaili inayoyashuku), huenda iliiondoa faili ya programu kimya kimya.

SWALI: Shikamoo anko. Najifunza katuni za 3D kwa Blender, laptopu ni ya dada yangu ya zamani Windows 7. Nikifungua inaniandikia api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Nimeidanlodi hiyo dll kwenye saiti moja nikaiweka kwenye System32, sasa inaleta kosa lingine. Nifanyeje na nataka sana kujifunza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza itoe hiyo faili uliyoweka, alafu pitisha antivairasi mashine nzima, usingoje kesho. Saiti za kugawa dll moja moja (dll ni faili ya msaada ambayo programu huita ifanye kazi) hujui aliyeiweka ni nani, na we umeiweka ndani ya moyo wa Windows kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna mafaili yanayokosekana ambayo dawa yake ipo na ni rahisi. Ukiambiwa VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo, hayo ni ya kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, unakichukua kwa Microsoft wenyewe bure, unakiweka, kazi imeisha. Lakini jina lililokutokea we ni la aina nyingine. Hizo kazi za path (njia za kufikia mafaili) ziliingia kwenye Windows kuanzia Windows 8. Kwenye Windows 7 hazijapotea, hazikuwahi kuwepo. Blender ndani yake inabeba Python (lugha ya kuandikia programu), na Python kuanzia 3.9 iliacha Windows 7, Blender 2.93 ya mwaka 2021 ikaja na hiyo Python, basi kuanzia hapo kwenda mbele zote zinakugomea kwa neno hilo hilo.

Utafikiri basi dawa ni kuweka Windows 10. Subiri, kuna geti la pili. Andika dxdiag kwenye lile dirisha la Windows na R, nenda Display, soma jina la chipu ya picha. Kama ni Intel HD Graphics 3000, ya mashine za mwaka 2011, hiyo kwa Windows inaishia OpenGL 3.1 (OpenGL ni lugha ambayo programu huongea na chipu ya picha), na Blender kuanzia 2.80 ya 2019 inataka 3.3, na kuanzia 4.0 ya 2023 inataka 4.3. Kwa hiyo ungehangaika kubadilisha Windows alafu ukagonga ukuta mwingine, na hicho ndo kinachoniuma nikisoma barua zenu, mtu anavunja geti moja kwa siku tatu hajui kuna lingine nyuma yake.

Kwako kama chipu ni hiyo, chukua Blender 2.79, inaridhika na OpenGL 2.1 na Windows 7 inaikubali. Blender wenyewe wanatunza matoleo yao ya nyuma yote, huna haja ya kwenda kwingine. Kama chipu yako ni nzuri zaidi na inafika 3.3, chukua 2.92, ndo ya mwisho kukubali Windows 7. Jua tu kwamba 2.79 sura yake ni tofauti na masomo ya sa hivi, kwa mfano unachagua kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi, ukifuata somo jipya utabonyeza kushoto na kitu hakichaguliki utadhani umeharibu, hujaharibu. Tafuta masomo ya wakati wake, yako mengi. Kujenga umbo, kuweka mwanga, kupanga mifupa ya mhusika, yote yamo humo, na faili ulizotengeneza huko zinafunguka kwenye Blender za baadaye siku ukipata mashine nyingine.

Na kama kuna mtu wa karibu anayejua Linux, mwambie ajaribu kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Draiva za Mesa za Linux zinaifikisha chipu hiyo hiyo ya HD 3000 kwenye OpenGL 3.3, kitu ambacho draiva ya Windows haikuwahi kufanya. Itakuwa nzito, lakini kujaribu hakuharibu kitu.

SWALI: Fundi mambo. Gemu la zamani nimeliweka linaleta 0xc000007b. Nimeweka Visual C++ bado.

JIBU: Poa. Hapo biti 32 na biti 64, aina mbili za programu zisizotumia mafaili ya mwenzake, zimechanganyika. Programu ya biti 32 imeita faili ikapewa ya biti 64, au kinyume chake. Umeweka Visual C++ moja, ya x64 (yani biti 64), si ndiyo? Weka na ya x86 (yani biti 32), Windows ya biti 64 inahitaji zote mbili manake gemu za zamani nyingi ni za biti 32. Weka na DirectX ile ya Juni 2010 kutoka Microsoft, gemu nyingi za miaka ile zinategemea mafaili yake. Na kama kuna dll uliipachika kwa mkono angalia uliiweka wapi, kuna mtego hapo unaowakamata hata mafundi: kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndo yenye mafaili ya biti 64, na ya biti 32 yako kwenye SysWOW64. Majina yamekaa kinyume na unavyotegemea.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mwalimu, programu yangu ya kuandikia imefanya kazi miaka yote, wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa naandika, tangu hapo haifunguki, inaonyesha nembo yake tu inapotea. Nimeiondoa na kuiweka upya, ni yale yale.

JIBU: Nzuri mwalimu, pole kwa umeme. Neno kubwa kwenye barua yako ni hilo la kwamba ilikuwa inafanya kazi. Prosesa ni ile ile, Windows ni ile ile, basi kilichobadilika ni kidogo na kinatafutika. Umeme ukikatika programu ikiwa inaandika mipangilio yake, faili ya mipangilio inabaki nusu, na kila ikifunguka inaisoma hiyo nusu na kuanguka. Kuiondoa na kuiweka upya hakusaidii kwa sababu programu nyingi zikiondolewa haziondoi mipangilio ya mtumiaji, zinaiacha ili ukirudi uikute.

Pima hivi kabla hujagusa chochote: tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye hiyo hiyo Windows, ingia humo, fungua programu. Ikifunguka, programu ni nzima na ugonjwa uko kwenye mipangilio ya akaunti yako. Basi rudi kwako, bonyeza Windows na R, andika %appdata%, tafuta folda yenye jina la programu au la kampuni yake, ibadilishe jina ongeza neno nzee mwisho wake. Usiifute mwalimu, ndani yake mnaweza kuwa na kamusi yako, violezo vyako, hata nakala za dharura za ile kazi iliyokatika. Fungua programu, itajitengenezea folda mpya safi. Ikishawaka ndo urudi kwenye ile nzee kuchukua vyako kimoja kimoja, ukipesti kimoja unafungua kuona kama bado inawaka, kitakachoiangusha tena ndo hicho kilichoharibika.

Ikigoma hata kwenye akaunti mpya, hapo fungua Command Prompt kama administreta uandike sfc /scannow, uiache imalize, alafu andika chkdsk C: /scan. Na nakala ya kazi za wanafunzi itoe leo kabla ya hayo yote.

SWALI: Fundi mwanangu, mimi ni mtu mzima sijui sana haya mambo. Kompyuta yangu kila nikiiwasha asubuhi programu ya mahesabu inakataa inasema leseni haifai, na intaneti inasema tovuti si salama, zote. Mchana nikihangaika hangaika inakubali. Mjukuu anasema ni virusi.

JIBU: Shikamoo mzee. Naomba kesho asubuhi kabla hujagusa kitu uangalie saa na tarehe pale kwenye kona ya chini kulia. Nadhani utakuta mwaka wa nyuma sana. Programu ya leseni inasoma tarehe, inaona leseni yako bado haijaanza, inakataa. Tovuti nazo zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kompyuta ikiamini tuko miaka kumi na tano nyuma inaona vyeti vyote ni vya uongo. Mchana inakubali kwa sababu imeshapata saa sahihi kwenye intaneti, au wewe mwenyewe umeirekebisha, alafu usiku ukiizima na kuchomoa waya inasahau tena.

Sio virusi mzee, ni betri. Ndani ya kompyuta kuna kabetri ka mviringo kama sarafu, kwenye za mezani mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo, na kwa umri wa mashine yako imekwisha. Mjukuu anaweza kuibadilisha: azime, achomoe waya kabisa, afungue kifuniko, asukume kile kikamatio cha pembeni betri itaruka yenyewe, aweke mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kama ni laptopu kabetri huwa wakati mwingine kamefungwa kwenye nailoni na kana waya mbili na plagi ndogo, hapo atafute ya aina hiyo hiyo, asilazimishe ile ya sarafu. Akishamaliza awashe, aingie BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows), aweke tarehe na saa ya leo, ahifadhi na kutoka. Zima usiku, chomoa waya kama kawaida yako, na asubuhi ukiwasha angalia saa kwanza ndipo ufungue mahesabu.